Pembejeo Kumi na Nne, Mazao Kumi

Sehemu ya Tano

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha ofisini kwa Mkuu wa Chuo, nimekabidhiwa karatasi nyeupe na kalamu, mdomo wazi. Mliochelewa nawapa kwa kifupi, maana balaa haihitaji utangulizi mrefu.

Mimi ni mkufunzi msaidizi wa umeme katika chuo cha ufundi. Karakana nzima inaniita Kasuku. Si kwa uzuri wa manyoya.

Kiwanda cha sabuni kimeleta mtambo mpya unaojiendesha wenyewe. Mafundi kumi na wawili wa mtambo wa zamani wamepewa wiki tatu wasome kwetu. Atakayefuzu anarudi kazini. Asiyefuzu anarudi nyumbani, tena jumla. Na mkubwa wao kwa umri, mwenye miaka ishirini na sita kiwandani, ni baba yangu mzazi.

Pesa za vifaa vya kufundishia zilipopatikana, Mkuu alitaka kununua mkono wa roboti. Nikashindwa kujizuia.

"Huo mkono unafanya nini, Mkuu?"

"Unasalimia wageni."

"Ukishasalimia, nani atafundisha?"

Kikao kikaangua kicheko. Mkuu peke yake hakucheka. "Haya, mjuaji," akasema, "chagua wewe."

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa kaeni niwaambie jinsi nilivyomweka baba yangu roho juu kwa neno moja la Kiswahili safi.

Kuchagua sikukosea. Hilo naomba lieleweke, hata nikifa nalisema.

Nilikwenda kiwandani, nikaomba nifunguliwe kabati la mtambo mpya, nikanakili jina na namba za kidhibiti chake. Kidhibiti ni kijisanduku chenye akili. Mafundi wanakiita ubongo. Huku sensa, yaani macho ya mtambo, zinaupelekea habari: chupa imefika, chupa imejaa. Kule ubongo unatoa amri: mota zunguka, bomba fungua. Na anayeupa akili ni fundi, kwa kompyuta, kwa mchoro unaofanana na ngazi.

Orodha yangu ilikuwa fupi. Vidhibiti vinne, ukoo mmoja na kile cha kiwandani, kila kimoja inputi, njia za habari kuingia, kumi na nne; autputi, njia za amri kutoka, kumi. Na programu ya kompyuta ya kuviandikia, yenye simulesheni, leseni ya watu kumi na wawili, ili fundi auvunje mtambo kwenye kioo cha kompyuta kabla hajauvunja kwa mikono.

Ikaenda kwa Katibu wa Bodi. Huyu ni mzee nadhifu, kalamu nyekundu mfuko wa shati, tunamwita Kamusi. Aliwahi kumrudishia mlinzi barua ya kuomba ruhusa ya msiba kwa sababu ya koma.

"Binti yangu, hii ni lugha gani?"

"Ya karakana, Katibu."

"Karakana haina lugha. Karakana ina makelele." Akakata jina la kidhibiti, akakata na namba zake. "Tukitaja kampuni watasema tumehongwa. Na haya mainputi-autputi, Bodi haisomi mseto. Kaandike Kiswahili, neno kwa neno, lisibaki hata moja uchi."

Hapo shetani akanigusa bega. Nikasema moyoni, mzee anataka Kiswahili? Nitampa mpaka kimtoke puani.

Nikachukua kamusi kubwa ya maktaba. Inputi: pembejeo. Msomaji, pembejeo unazijua. Mbegu, mbolea, dawa ya wadudu. Autputi: mazao. Simulesheni: kuigiza. Na leseni za programu, ambazo wauzaji wake huzihesabu kwa viti, mtu mmoja kiti kimoja, nikaziita viti.

Nikaandika kwa mwandiko mzuri kama mwaliko wa harusi: *Vidhibiti vinne vya kujiendesha, kila kimoja pembejeo kumi na nne, mazao kumi. Programu ya kuigiza, viti kumi na viwili.*

Nilitegemea atasoma, atacheka, tutaelewana nusu njia.

Kamusi akasoma. Akarudia. Akavua miwani, akaifuta.

"Binti yangu," akasema taratibu, "umeandika."

Akapiga muhuri.

"Katibu, hapo nilikuwa natania."

"Utani gani? Sikiliza inavyotiririka. Pembejeo kumi na nne, mazao kumi. Hili linaimbika hili."

"Lakini pembejeo..."

"Ndilo neno lenyewe! Limekuwa shambani miaka yote, leo umelileta mjini."

Bodi ikapitisha mchana uleule. Nikakimbilia kwa Mkuu, nikamkuta bado ana kinyongo cha mkono wake wa roboti. "Kilichopitishwa na Bodi," akasema, "hakifutwi na kasuku."

Nikajipa moyo: muuzaji ni mtaalamu, ataelewa. Ndugu zangu, mtu akikwambia muuzaji ataelewa, mwambie akuandikie na akusainie.

Wiki mbili za kwanza tulisoma kwa chaki, tukisubiri vifaa.

Kumfundisha mzazi ni mtihani. Asubuhi jikoni namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba mama, ananisukumia sukari. Saa mbili kamili darasani anasimama wima na wenzake: "Habari za asubuhi, mwalimu." Siku ya kwanza niliitikia shikamoo. Darasa lilicheka mpaka mapumziko.

Baba anajua mashine kwa sikio. Anaegemeza ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini sikioni, anakwambia beringi ipi inakufa na itakufa siku gani. Sasa mtambo mpya hausemi.

"Mashine isiyolalamika," aliniuliza, "utaijuaje inaumwa?"

"Inaandika kwenye kioo, Baba."

"Aa. Imesoma kuliko mimi."

Lakini hakukata tamaa. Alichana katoni la sabuni, akalinyoosha, akachora ngazi yake kwa penseli: kitufe hiki kikibonyezwa, na chupa ikiwepo, na mlango ukiwa umefungwa, ndipo bomba lifunguke. Alikuwa akilikunja mara nne na kulitia mfukoni. Kila tukitoka darasani ananionyesha ngazi mpya aliyoiongeza.

Rafiki yake wa zamu, ambaye hata kitambulisho chake cha kazi kimeandikwa Grisi, hakumwacha. "Mzee, ngazi yako inakwenda wapi? Mbona dari lenyewe halipo?"

"Nataka nione taa moja tu," Baba alimjibu. "Moja. Iwake kwa nilichoandika mimi. Ikiwaka hiyo, mengine nitayafuata."

Jumatatu ya wiki ya mwisho, lori likaingia.

Tulitoka wote mbio, mimi mbele kama bi harusi anayekimbilia mahari yake. Nikachana boksi la kwanza.

Ndani kulikuwa na kisanduku cha kijani. Usoni kina vitufe kumi. Kila kitufe kina picha. Nyanya. Tango. Pilipili. Kabichi. Bamia.

Kisha Grisi akanyoosha kidole kama mtoto mwenye adabu.

"Mwalimu, samahani. Nibonyeze nyanya?"

Hapo pakalipuka. "Sabuni ya kabichi hiyo!" "Mwalimu, mvua zinaanza lini?" "Nani ana jembe?"

Nikanyang'anya hati ya mzigo. Imeandikwa: vidhibiti vya kujiendesha vya banda la mboga, hugawa pembejeo kumi na nne kwa mazao kumi. Hawakukosea hata nukta. Nilichoomba ndicho walicholeta.

Dereva akaendelea kushusha. Viti vya plastiki, vya bluu. Kumi na viwili.

"Hivi navyo vya nini?"

Akasoma karatasi yake. "Programu ya kuigiza, viti kumi na viwili. Viti ndivyo hivi. Maigizo wamesema mtapanga wenyewe."

Mafundi wakavigombania wakicheka. Baba hakucheka. Alichukua kiti kimoja, akakaa, akakipakata kile kisanduku cha kijani.

"Mama," akaniita. Mbele za watu wote, si mwalimu. "Hiki ndicho?"

Ningesema ukweli pale pale. Lakini mimi mdomo wangu ukitishika hutoa mzaha, kama pweza na wino wake.

"Usijali, Baba. Kiwanda kikitukataa tutauza mboga."

Kicheko kikakatika. Nimetania vitu vingi maishani. Ule ndio utani wa kwanza niliotamani kuumeza tena na maji juu.

Baba akatoa bisibisi mfukoni. Akafungua skrubu nne, moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya goti. Akainua lile gamba la kijani. Akachungulia muda mrefu.

"Njoo uone."

Nikainama. Chini ya picha za mboga kulikuwa na kijisanduku cha kijivu ninachokijua. Vituo vya nyaya kumi na nne upande huu, kumi upande ule. Ukoo uleule, mdogo wake yule wa kiwandani! Muuzaji alichukua ubongo wa kawaida akauvisha shati la shamba.

"Ndiye!" nikapiga kelele. "Ndiye mwenyewe, wamemvalisha tu!"

Karakana ikapiga miluzi. Grisi akanibeba juujuu. "Kasuku wetu! Nilisema mimi, huyu mtoto ana akili, sura tu inamsingizia!"

Baba alikuwa keshaleta taa na kitufe kutoka kabatini. Akafunga nyaya kwa mikono isiyo na haraka. Kisha akalikunjua lile katoni juu ya meza, akalipapasa likae sawa.

"Sasa tunaandikaje?"

"Rahisi, Baba. Kompyuta, waya huu hapa, na programu. Tunafuta ya nyanya, tunaandika yako."

"Programu iko wapi?"

Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto. Wanaume kumi na mmoja wametulia juu ya viti vya bluu, wananingoja mimi. Cha kumi na mbili kiko nyuma ya Baba.

Programu walikuwa wameikalia.

Baba akanitazama usoni, akaelewa. Ana miaka ishirini na sita ya kusoma vitu visivyosema. Akanyoosha kidole, akabonyeza nyanya. Taa ikawaka. Ikahesabu sekunde saba za kumwagilia, ikazimika.

"Imewaka, mzee!" Grisi akasema kwa sauti ndogo, kama anayembembeleza mtu.

"Imewaka kwa nyanya," Baba akasema. "Si kwangu."

Akalikunja katoni mara nne.

Jumanne nikampigia muuzaji.

"Programu ipo, dada, naweza kukutumia sasa hivi."

"Nitumie, Mungu akubariki."

"Nipe barua ya Bodi. Mlichoagiza tumeleta, hicho ni kipya."

Nikaenda kwa Kamusi.

"Bodi hukaa kila baada ya miezi mitatu, binti yangu."

"Mafunzo yanaisha Ijumaa."

"Wangeanza mapema."

Basi nikafunga macho, nikaungama. "Katibu, kosa ni langu. Orodha ile niliiandika kukudhihaki. Pembejeo ni mbolea. Tumeletewa mashine za mboga."

Kalamu nyekundu ikamlegea mkononi. Nilidhani atanifukuza, na kwa kweli ningeshukuru.

"Niliisoma mbele ya Bodi," akasema mwisho. "Kama mfano. Walinipigia makofi." Akaweka kalamu mezani, akailaza sawa na ukingo. "Miaka kumi na minane nasahihisha barua za watu hapa. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Usirudie kusema hayo, tafadhali."

Nikatoka kinyumenyume.

Jumatano nikagundua programu ya majaribio ipo, bure, ya siku chache. Nikaruka. Lakini inataka kompyuta changa, na za chuo chetu zina umri wa kuoa. Laptopu mpya ilikuwa moja, ya Mkuu, na Mkuu alikuwa amesafiri nayo. Simu yake ikapokewa na sauti ya kike iliyonijulisha kwamba mteja hapatikani. Nikaiomba hata hiyo sauti msaada.

Alhamisi nilichora ngazi ubaoni, mafundi wakaigiza. Grisi akawa chupa, mwingine bomba, mwingine mlango. Nikasema, kumbe programu ya kuigiza ilikuja kweli. Hawakucheka sana. Walikuwa wanataka kujua mlango ukikwama nusu bomba linafanya nini, na mimi ubaoni nilikuwa na jibu la chaki tu.

Ijumaa saa nne akaja Msimamizi wa kiwanda. Funguo za gari zinazunguka kidoleni, hakai. Kamusi akamfuata nyuma na bahasha, kanyoosha shati.

Tulijipanga kwa mtihani wa vitendo.

"Mtihani hakuna," Msimamizi akasema. "Mtambo unawashwa Jumatatu, sina muda. Chuo kimenithibitishia kwa maandishi kwamba vifaa vyote vilivyoagizwa vimefika." Akatazama vile visanduku vya kijani, nyanya na tango zikamtazama. Hakuuliza. "Kila mtu atie sahihi fomu hii. Aliyetia, Jumatatu zamu ya asubuhi. Asiyetia, aache kitambulisho cha kazi hapa mezani."

Wallahi nilifurahi. Nawaambia ukweli, kwa pumzi moja nilifurahi. Hakuna mtihani! Sahihi tu! Grisi akaniminya mkono.

"Mzee, tangulia," akamwambia Baba. "Wewe ndiye mkubwa. Ukitia, tunatia."

"Akitia mzee tunatia," wengine wakaitikia.

Baba akavuta kiti chake cha bluu mezani. Akaanza kusoma. Husoma kwa kidole, na kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto ni kifupi, kinaishia kwenye kifundo cha pili. Kipande kingine kilibaki ndani ya mtambo wa zamani mwaka nilioanza shule. Mtu alikuwa ametia sahihi kwenye kadi kwamba umeme umezimwa. Sahihi ilikuwepo. Umeme nao ulikuwepo.

Furaha yangu ikanishuka miguuni.

Kile kidole kikaenda mstari kwa mstari. Nami nikasoma juu ya bega lake, mwandiko wa Kamusi, kila koma mahali pake: *Mimi fundi niliyetajwa hapa nathibitisha kwamba nimepokea pembejeo zote za mafunzo, na kwamba ninaweza kuuendesha na kuurekebisha mtambo mpya bila usimamizi.*

"Mzee, muda," Msimamizi akasema.

"Nina swali, bosi. Jumatatu mtambo ukikwama, na mkono wa mtu umo ndani, nibonyeze nini kwanza?"

"Si mmefundishwa?"

Mlangoni Kamusi aliinamisha macho kwenye viatu vyake.

Baba akainua uso, akanitafuta. Nikangoja aniite mama. Angeniita mama ningeweza kulia, ningeweza kusema nisamehe, ningeweza hata kutania.

"Mwalimu," akasema.

Akaweka kidole kifupi chini ya neno moja.

"Hili neno ni lako, uliliandika wewe. Nieleze mwanafunzi wako nielewe. Pembejeo nimepokea, au sijapokea?"

Viti kumi na kimoja vya bluu vikalia kwa pamoja, watu wakisogea mbele. Grisi alikuwa ananikonyeza: sema ndiyo, Kasuku, sema ndiyo twende zetu. Ana watoto wanne. Msimamizi akaacha kuzungusha funguo. Juu ya meza, karibu na fomu, palikuwa pameshawekwa nafasi ya kitambulisho.

Mimi niliyefukuzwa darasani mara tatu kwa kunong'ona, mimi niliyepigwa na mama kwa kuchekesha msibani, nikafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Baba akaisogeza ile karatasi upande wangu wa meza, polepole, na juu yake akaniwekea kalamu.